Nani Alifika Tallmyr Kwanza: Maisha ya Alfhild Stenvall

Jumanne tarehe 10 Oktoba 2023 Alfhild aliamka saa kumi na mbili kasoro robo, kama siku zote. Akawasha jiko la kuni. Akatia maji kwenye birika, akapima kahawa kwa kiganja, akangoja ichemke mara tatu. Mume wake, Helge, alikaa juu ya sanduku la kuni, mahali alipokuwa akila tangu mwaka 1973, kwa sababu itakayoelezwa. Nje nyasi zilikuwa zimeganda. Mbwa aliomba kutoka, akafunguliwa mlango, akabadili nia. Alfhild alikata jibini vipande, akaviweka vikombeni kama wanavyofanya watu wa kaskazini, akamimina kahawa juu yake. Cha mumewe kwanza, kisha chake. Birika likiwa bado mkononi, akasema jambo. Mumewe akajibu, "Ee." Jambo lenyewe litasomwa mwisho kabisa, maana linahusu kahawa, na kahawa bado iko jikoni.

Haya yameandikwa na mume wake. Anayesoma, hapa ukumbini baada ya mazishi, ni binti yao, Kerstin. Kerstin anaombwa asiruke mahali popote, hasa pale atakapotaka kuruka.

Alfhild alizaliwa tarehe 9 Machi 1943 katika kijiji cha Tallmyr, safari ya saa nzima kutoka mji wa Åsele, kaskazini mwa Uswidi, akiwa mtoto wa pili wa Anton na Tekla Risberg. Theluji ilikuwa nyingi, mkunga akafika kwa skii, akakuta kazi imekwisha na Tekla anakaanga samaki.

Kwa wale waliotoka mbali: Tallmyr ina nyumba mbili za zamani, na wengine wote wametoka humo. Kina Stenvall wako Kilimani. Kina Risberg wako Kinamasini, ambako kuna ukungu hadi saa nne asubuhi na viazi huiva kwa kuchelewa. Kila mtu alijua kwamba wa kwanza kuja kukata miti na kufanya makazi alikuwa Erik Stenvall, mwaka 1791, na kwamba kina Risberg walifika baadaye wakakuta moshi unatoka kwa wenzao. Kwa ajili hiyo kulikuwa na desturi. Penye mkusanyiko wowote, arusi, mazishi au Sikukuu ya Kiangazi, kikombe cha kwanza cha kahawa hupewa mwanamke mkubwa wa Kilimani. Kisha Kilimani wote kwa umri. Kisha wageni. Kinamasini hupewa mwisho, na birika la Kilimani ni kubwa, na njia kutoka jikoni ni ndefu. Hakuna mtu wa Kinamasini aliyewahi kuungua ulimi katika nyumba hiyo.

Alianza shule mwaka 1950, akasoma miaka saba. Alikuwa wa kwanza darasani, neno ambalo mwalimu alilitumia kwa tahadhari. Alipokuwa na miaka tisa mwalimu aliuliza nani alifika Tallmyr kwanza. Watoto wote wa Kilimani wakainua mikono. Alfhild naye akainua wake.

"Haya, Alfhild."

"Nani alikuwepo akahesabu?"

Mwalimu akamwambia akae. Alikaa. Swali halikukaa. Alitakiwa aende kuendelea na masomo Åsele, lakini nyonga ya mama yake ilikuwa imeharibika, akabaki nyumbani kukamua ng'ombe. Hakuwahi kulalamika juu ya hilo mbele ya mume wake zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Tarehe 26 Juni 1965, Sikukuu ya Kiangazi, aliolewa na Helge Stenvall wa Kilimani, mkata miti, aliyesoma miaka sita na hakukumbuka yote. Walikuwa wamekutana kwenye dansi, ambako Helge hakucheza. Alisimama karibu na mlango mpaka Alfhild akaja akamwuliza, "Wewe unaushikilia usianguke?"

Siku ya arusi watu walikuwa themanini na wawili. Mama mkwe, Dagny, alimimina kahawa mwenyewe. Mchungaji alipata. Wajomba walipata. Mpiga kinanda alipata mara mbili. Tekla, mama wa bibi arusi, alipata akiwa wa themanini na mbili. Akanywa, akasema kwa adabu, "Kahawa nzuri, Dagny."

"Ilikuwa nzuri zaidi ilipokuwa ya moto," Dagny akajibu. "Usinilaumu mimi, Tekla. Jambo hili lilianza mwaka 1791."

Bibi arusi aliona. Mume wake alimwona akiona. Jumatatu iliyofuata alinunua daftari.

Aliajiriwa posta mwaka 1964 na akawa tarishi wa vijiji mpaka alipostaafu mwaka 2003. Njia yake ilikuwa kilomita sitini na tatu kwa siku. Kila nyumba alipewa kahawa, na kila nyumba aliuliza nani alimzaa nani, akaandika daftarini. Wazee walimpenda kwa sababu alikuwa mtu pekee aliyetaka kusikia habari hizo mara ya pili. Jioni alikwenda ukumbi huu huu kujifunza kusoma mwandiko wa kale. Mwaka 1973 alinunua mashine ya kusomea kadi za filamu, ambamo vitabu vya kanisa vimepigwa picha vikawa vidogo kama punje. Mashine ilikuwa kubwa kama kabati. Ilihitaji meza, na meza ilikuwa moja. Hivyo ndivyo mume wake alivyohamia kwenye sanduku la kuni.

Katika vitabu hivyo wachungaji wa zamani waliandika kila mtu wa kila nyumba: alizaliwa lini, anasoma vipi, anaelewa Katekisimu kiasi gani. Alfhild alivisoma kama watu wengine wanavyosoma gazeti. "Sikiliza huyu, Helge," angesema. "'Anasoma vibaya, anaelewa kidogo, hafiki kanisani.' Babu yako." Au, "Njoo uone, shangazi ya bibi yako alizaa miezi mitano baada ya arusi." Mume wake alijua mambo ya ukoo wake ambayo hakuwa ameomba kuyajua.

Alimtafuta Per Persson, baba wa kwanza wa ukoo wa Risberg. Baba yake Per aliitwa Per Persson pia, na babu yake vilevile, na majirani wawili. Baada ya miaka kumi na mmoja akampata: amezaliwa tarehe 4 Agosti 1764. Furaha ilikuwa kubwa. Tarehe 4 Agosti 1984 alifanya sherehe ya kuzaliwa kwake, miaka mia mbili na ishirini. Risberg arobaini na mmoja walipanda Kilimani, kwa mara ya kwanza kwa sherehe ya mtu wa kwao. Kulikuwa na aina saba za biskuti na keki yenye jina la Per kwa malai. Kaka yake Alfhild, Torvald, alitoa hotuba kuhusu damu ya Per na nguvu zake za mwili. Kisha Alfhild akawasha mashine ili kila mgeni amwone Per kwa macho yake.

Mume wake alikuwa kwenye sanduku la kuni, na kutoka pale aliona vizuri. Akauliza, "Huo msalaba mdogo kando ya jina ni wa nini?"

Hakukusudia ubaya.

Per huyo alikuwa amekufa kwa ndui akiwa na miaka miwili na miezi minne. Wazazi walipata mwana mwingine mwaka 1767 wakampa jina lilelile, kama walivyofanya watu wa wakati ule. Alfhild alikuwa amemfuata mtoto aliyekufa kwa miaka kumi na mmoja. Dagny, aliyekuwa na miaka themanini na kiti chake karibu na dirisha, akasema, "Kwa hiyo wa kwanza wenu hakuwa hata na meno yote."

Torvald alitazama keki, akamtazama dada yake. "Dada, hata mtoto ana haki ya siku ya kuzaliwa," akasema, akajikatia kipande. Wakala wote. Alfhild alicheka mpaka akalazimika kutoka nje. Alikaa huko muda mrefu kuliko kicheko. Aliporudi alianza upya.

Tangu siku ile hakuamini jambo lolote mpaka alikague mara tatu. Alikagua hata tarehe ya kuzaliwa ya mume wake. Ilikuwa sahihi.

Mnamo Februari 1994 barua ya hifadhi ya nyaraka ilifika, bahasha nene. Ilifika katika mfuko wake mwenyewe, saa moja asubuhi, posta. Kanuni za posta zinasema barua hupelekwa kwenye sanduku la aliyeandikiwa. Nyumba ya Kilimani ni ya mwisho kwenye njia. Aliendesha kilomita sitini na tatu na bahasha hiyo kwenye kiti cha pembeni, akanywa kahawa nyumba tisa, asiifungue. Saa nane mchana alisimama barabarani, akaitia barua katika sanduku lake, akafunga kifuniko. Kisha akakifungua, akaitoa. Mume wake alitazama dirishani. Alfhild alisoma amesimama kwenye theluji, kofia ya posta kichwani, na hakuja ndani kwa nusu saa.

Alipoingia alipita moja kwa moja hadi chumba cha Dagny, karatasi mkononi. Dagny alikuwa anakaribia miaka tisini na hakuwa akitoka kitandani tena. Alfhild ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumchana nywele. Mlango ulibaki wazi.

"Umekuja na karatasi," Dagny alisema. "Mmekuwa wa kwanza sasa?"

Mume wake alishikilia kuni na kungoja. Miaka ishirini na tisa alikuwa amengoja, ingawa hakuwa ameulizwa.

"Nimekuja kukuuliza kama unataka kahawa, Mama."

"Ya moto?"

"Ya moto."

"Basi unasubiri nini?"

Alfhild alirudi jikoni, akatia karatasi ndani ya kopo la biskuti la chini kabisa, akaweka birika juu ya jiko. Mume wake akamwuliza kwa sauti ndogo kwa nini hakusema.

"Miguu imekwisha, macho yamekwisha," akajibu. "Amebaki na 1791 tu. Nikimnyang'anya hiyo, nitakuwa namwogesha nani?"

Dagny alifariki mwaka 1996. Mume wa Alfhild alidhani sasa karatasi itatoka. Haikutoka. Alfhild alisema ipo misalaba ambayo bado hajaikagua. Tena alisema kwamba sasa yeye ndiye mwanamke mkubwa wa Kilimani, na akiigeuza desturi yeye, watu watasema mkwe ameteka nyumba. Kwa hiyo kila Sikukuu ya Kiangazi alipewa kikombe cha kwanza, yeye, binti wa Kinamasini. Alikipokea, akakiweka mezani mbele yake. Hakukigusa mpaka Torvald, mwisho wa meza, apate cha kwake. Ndipo akanywa. Wengi walidhani hapendi kahawa ya moto. Aliipenda hasa.

Moyo wake ulianza kusumbua mwaka 2016. Daktari mgeni alimwuliza kama kuna ugonjwa wa moyo katika ukoo.

"Nianzie mwaka gani?" Alfhild akauliza.

Daktari alivumilia hadi 1840. Alipewa vidonge vya aina nne, akavipanga kama alivyokuwa akipanga barua, na akaendelea kupasua kuni mpaka mume wake alipolificha shoka. Alilipata. Alikuwa hodari wa kupata vitu.

Septemba mwaka huu alisema amemaliza kukagua.

Jumanne ile ya Oktoba, kama saa nne asubuhi, alikuwa mbele ya mashine. Aliita "Helge" mara moja. Mume wake alipofika, mkono wa Alfhild ulikuwa juu ya meza na taa ya mashine ilikuwa inawaka. Gari la wagonjwa lilimpeleka hospitali ya Lycksele. Hakusema tena. Alifariki Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2023, saa tano na dakika kumi asubuhi, akiwa na miaka themanini. Mume wake alikuwa ameushika mkono. Ulikuwa wa moto. Kisha haukuwa.

Sasa karatasi. Ilikuwa katika kopo la chini, kama alivyoiweka. Ni hati ya mkaguzi wa Mfalme, aliyekuja Tallmyr tarehe 19 Agosti 1791 kuona kama makazi yanastahili miaka kumi na mitano bila kodi. Mume wake hawezi kuusoma mwandiko ule, lakini Alfhild aliunakili wote kwa herufi kubwa, na ndivyo unavyosomwa hapa. Gunborg, dada yake Helge, anaombwa abaki kwenye kiti.

Per Persson, yule wa 1767, aliyekuwa na meno, alipewa ruhusa ya kulima Tallmyr mwaka 1789. Alikuja majira ya kuchipua na mke wake Brita Olofsdotter, ng'ombe mmoja na mbuzi wawili. Oktoba akazama mtoni akitoa nyavu. Brita alibaki peke yake na mtoto wa wiki tatu, katika kibanda cha magogo, ukingoni mwa kinamasi. Alimaliza majira ya baridi. Akamaliza na ya pili. Mkaguzi alipofika alikuta nyumba, zizi, shayiri imepandwa, na mwanamke aliyemwambia afute miguu. Hilo limeandikwa. Alikuta pia mwanamume anayechimba mtaro. Mkaguzi aliandika: "Mtumishi, jina Erik Stenvall, alikuja majira haya ya kuchipua kuomba kazi kwa chakula."

Mwaka uliofuata Brita aliolewa na mtumishi wake. Mwana wa Per alibaki Kinamasini. Wana wa Erik walijenga Kilimani, ambako hakukuwa na ukungu. Kwa hiyo wote ni watoto wa Brita, na Stenvall wa kwanza alipofika Tallmyr alipewa kitu cha moto cha kunywa na Risberg.

Mchungaji wa wakati ule aliandika juu ya Brita: "Anasoma vizuri, anaelewa vizuri, anajibu kupita kiasi." Juu ya Erik: "Anasoma kwa shida. Mpole." Mume wa Alfhild alipoyasoma haya wiki hii aliyasoma mara tatu.

Yapo maneno mengine ya mkaguzi: kwamba Brita alionyeshwa chemchemi na mahali pa nyavu na Msami, mtu wa wenyeji wa asili wa kaskazini, Jon Tomasson, ambaye ardhi hiyo ilikuwa yake, naye aliilipia kodi kama baba yake alivyoilipia. Chini yake Alfhild ameandika kwa penseli: "Basi hata Brita alikuta wenyewe. Helge, jina la Jon lisomwe kwa sauti." Limesomwa. Lisomwe tena: Jon Tomasson.

Alfhild ameacha mume, Helge, binti, Kerstin, mwana, Roland, na mke wake Annika, wajukuu Moa, Elis na Tuva, kaka, Torvald, wifi, Gunborg, ambaye tunatumaini bado amekaa, na mbwa, Jeppe. Ameacha pia mashine. Mume wake alirudishiwa meza siku ile ile, na bado anakula juu ya sanduku la kuni.

Amelala kando ya ukuta wa kanisa, upande wa jua, mahali alipochagua. Asiamshwe, ameshaamka miaka mingi saa kumi na mbili kasoro robo.

Kahawa sasa inakuja. Atakayemimina ni mume wake, ambaye hajawahi kumimina mbele za watu, na ataanza mwisho wa meza. Hivyo ndivyo alivyoambiwa Jumanne ile asubuhi, birika likiwa mkononi mwa Alfhild. Alisema hivi:

"Helge, siku nikiondoka, ile karatasi isomwe, halafu kikombe cha kwanza mpe Torvald. Umwonye ni ya moto. Miaka yote hii hajawahi kunywa ya moto kwetu, asije akaungua."